Hamantaschen zisizo na yai wala maziwa: kwa nini pembe hufunguka

Swali: "Mwalimu, mimi ni Mkenya wa familia ya Kiyahudi. Nimelelewa Nairobi na sasa nasoma Leipzig, Ujerumani. Nimeacha kula mayai, maziwa na asali. Purim iliyopita nilioka hamantaschen kwa kipimo cha mama, ila badala ya siagi nilitia majarini ya kupaka mkate, na badala ya kila yai nilitia nusu ndizi iliyopondwa. Zote zilifunguka kwenye oveni, jamu ya stroberi ikamwagika kwenye trei, na biskuti zikawa ngumu nje na zenye utepetevu ndani. Natumia jiko la pamoja la hosteli, sina mizani wala kifimbo cha kusukumia chapati. Safari hii nataka kuwapelekea marafiki, na mmoja wao anashika kosher, yaani sheria ya chakula ya Kiyahudi. Nibadilishe nini?"

Jibu: Binti yangu, nakujibu kwa kirefu kwa sababu umeuliza swali moja lenye mambo matatu ndani yake, na mawili kati ya hayo hayahusiani kabisa na mayai.

Kwa wasomaji ambao hawajapata kuziona, hamantaschen ni biskuti za pembe tatu zenye kijazo katikati, ambazo Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na ya mashariki huoka kwa ajili ya Purim, sikukuu ya kukumbuka jinsi Malkia Esta na Mordekai walivyowaokoa watu wao na hila ya Hamani katika ufalme wa Uajemi. Siku hiyo kitabu cha Esta husomwa usiku na tena mchana, watu hupelekeana vyakula na maskini hupewa zawadi, kama kitabu chenyewe kinavyoagiza katika sura ya 9, aya ya 22.

Kipimo cha mama yako ni kizuri, lakini si cha pekee. Katika nyumba nyingi za Kiyahudi biskuti hizi hukandwa kwa mafuta na maji ya chungwa bila tone la maziwa, kwa sababu sheria ya chakula hairuhusu nyama na maziwa kuliwa pamoja, na karamu ya mchana wa Purim mara nyingi ni ya nyama. Biskuti isiyo na nyama wala maziwa huitwa parve, nayo inaweza kuliwa baada ya chakula cha aina yoyote. Kwa hiyo wewe si wa kwanza kuiacha siagi. Wametangulia wengi, tena kwa vizazi. Kilichobaki mbele yako ni yai, nalo ni moja au mawili tu katika donge zima.

Tuangalie basi yai hilo lilikuwa likifanya kazi gani. Yai moja kubwa likitolewa ganda lina uzito wa gramu 50 hivi, na robo tatu ya uzito huo ni maji. Katika kilichobaki kuna protini gramu 6 hivi na mafuta gramu 5 hivi. Maji huloweka unga, mafuta huifanya biskuti ivunjike kwa ulaini, na kazi ambayo wewe uliikosa hufanywa na protini: joto la ndani likifika nyuzi 62 na kupanda, protini huanza kuganda, na kuganda huko huzishika kuta za biskuti zikiwa bado zimesimama. Donge lenye sukari nyingi na maji machache haliwezi kuutegemea wanga peke yake kwa kazi hiyo, kwa sababu wanga huhitaji maji ya kutosha ili uvimbe na kushika. Yai likiondolewa, hupatikana dakika chache ndani ya oveni ambapo mafuta yameshayeyuka, unga bado haujakauka, na hakuna kitu chochote kinachozishikilia kuta. Dakika hizo ndizo zilizofungua pembe zako.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kutafuta kitu kingine cha kugandisha. Maoni yangu ni kwamba katika biskuti hii hiyo ni kazi bure. Mbegu za kitani zilizosagwa, kijiko kimoja cha chakula kwa vijiko vitatu vya maji, hufaa sana kwenye keki na mikate. Hapa hazidhuru, ila huacha vidoadoa na ladha ya nafaka ambayo haiendani na chungwa. Maji ya dengu za kopo, zile zinazotengenezewa humusi, yakipigwa hutoa povu, na povu huongeza hewa katika donge ambalo tunataka libaki tulivu. Badala ya kulitafutia yai mrithi, fupisha zile dakika za hatari: donge liingie oveni likiwa baridi kabisa, liwe na maji machache, na likunjwe kwa namna ambayo hata likilegea kidogo halina pa kufungukia.

Ndizi ilikuharibia kwa njia mbili. Nusu ndizi ina gramu 50 na zaidi, sehemu kubwa ikiwa maji na sukari, na haina protini ya kuganda. Ulipoitia badala ya kila yai, uliongeza unyevu ambao hauna pa kwenda, ndipo ukapata ule utepetevu wa ndani. Tena nadhani donge lilipokuwa linanata uliongeza unga na kulikanda zaidi ili lishikike, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Unga wa ngano ukikutana na maji na kukandwa hujenga gluteni, ile nguvu ya kuvutika tunayoihitaji sana katika chapati. Katika biskuti nguvu hiyo huleta ugumu, na zaidi ya hapo huvuta: mviringo uliousukuma hujaribu kurudi ulikotoka, nazo pembe ulizozibana huachana.

Majarini ya kupaka mkate ni kosa la pili. Ujerumani, kama kwingineko katika Umoja wa Ulaya, mafuta ya kupaka huainishwa kwa kiwango cha mafuta kilichomo: kile kinachoitwa Margarine tupu lazima kiwe na mafuta asilimia 80 au zaidi, ilhali Halbfettmargarine ina asilimia 39 hadi 41 tu, na karibu yote yaliyobaki ni maji. Ukitia hiyo ya pili umetia maji bila kujua. Tafuta majarini ngumu ya kuokea inayouzwa kwa vipande vya gramu 250, yenye asilimia 75 hadi 80 za mafuta, na usome orodha ya viungo hata kama picha ya pakiti imejaa alizeti, kwa kuwa baadhi ya majarini huwa na maziwa au maji ya jibini, ambayo kwa Kijerumani huandikwa Molke.

Huenda umefikiria mafuta ya nazi, na kwa mtu wa kwetu ni jambo la kawaida kuyafikiria. Tabia yake inabadilika sana kulingana na mahali ulipo. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, ndiyo maana Mombasa hukaa ya majimaji ndani ya chupa karibu mwaka mzima, na Leipzig mwezi Machi huwa magumu meupe yanayohitaji kisu. Donge la mafuta ya nazi tupu hupasuka likiwa baridi na hulegea mara moja linapoguswa na joto la mkono, hivyo halikupi nafasi ya kukunja. Ukiyapenda kwa harufu yake, yafanye robo tu ya mafuta yote, robo tatu iwe majarini ngumu.

Sasa kipimo. Chukua unga wa ngano gramu 300, sukari laini gramu 100, majarini ngumu gramu 125, yaani nusu ya kile kipande cha gramu 250, beking poda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai, maganda ya chungwa moja yaliyokunwa, na maji ya chungwa mililita 45, yaani vijiko vitatu vya chakula, pamoja na kijiko kimoja cha akiba. Unga wa Typ 405 unaopatikana katika kila duka huko ndio unaofaa. Namba hiyo haihesabu protini. Ni miligramu za majivu yanayobaki gramu 100 za unga zikichomwa, na kadiri inavyopanda ndivyo unga unavyokuwa na pumba zaidi. Usitumie ule wa 1050, wala ule ambao tayari umechanganywa na beking poda. Kuhusu sukari, vegani wengi, yaani wasiokula chochote kitokanacho na wanyama, hujiuliza iwapo imechujwa kwa mkaa wa mifupa. Sukari ya kawaida ya Ujerumani hutokana na viazisukari, na utengenezaji wake hauhitaji mkaa huo.

Mizani ndogo ya jikoni ingekuondolea mashaka mengi, na ukiweza nunua hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ikishindikana, kikombe cha mililita 240 kikijazwa unga kwa kijiko bila kushindiliwa, kisha kikasawazishwa kwa kisu, huwa na gramu 120 hadi 125, kwa hiyo gramu 300 ni vikombe viwili na nusu kasoro kidogo. Ukichota kwa kikombe chenyewe moja kwa moja kutoka kwenye mfuko, unga hushindilika na kikombe hicho hicho huweza kuzidi gramu 140. Nasisitiza hili kwa sababu unga uliozidi ni chanzo kingine cha ugumu uliolalamikia.

Changanya unga, sukari, chumvi, beking poda na maganda ya chungwa. Kata majarini ikiwa baridi vipande vidogo, kisha isugue ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka mchanganyiko ufanane na makombo ya mkate na usione tena kipande cha mafuta. Hatua hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana: chembe za unga hufunikwa na mafuta kabla ya kukutana na maji, na gluteni haipati nafasi ya kujengeka sana. Ndipo unapomimina maji ya chungwa vijiko vitatu na kukusanya kwa uma. Minya kiasi kidogo kiganjani. Kikishikana, usiongeze kitu. Kikimomonyoka, tia nusu ya kijiko cha akiba. Usikande. Likusanye tu mpaka liwe donge moja, ligawe mara mbili, libonyeze liwe bapa, lifunike vizuri na uliweke kwenye friji saa moja au zaidi. Likilala usiku kucha ni bora zaidi, kwa kuwa unga humaliza kunywa maji yake na gluteni iliyojengeka hulegea.

Usitafute kifimbo. Chupa ya kioo iliyooshwa na kukaushwa inatosha, na kazi huwa safi zaidi ukiliweka donge kati ya karatasi mbili za kuokea, kwa sababu huhitaji kunyunyiza unga juu yake. Unga wa kunyunyiza hukausha uso wa donge, na uso mkavu haushikani ukibanwa. Nyumba nyingi zinazolalamikia pembe zilizofunguka zina kosa hilo tu. Lisukume mpaka unene wa milimita 3 hadi 4. Ukilifanya jembamba zaidi ili upate biskuti nyingi, kuta hazitasimama. Kata miviringo kwa glasi yenye mdomo wa sentimita 8 hivi, na mabaki yakusanye, yabonyeze bila kuyakanda, uyarudishe kwenye baridi kabla ya kuyasukuma tena. Utapata biskuti 25 hadi 30.

Kuhusu kukunja, achana na namna ya kuziba pembe kwa kuminya tu, ambayo nadhani ndiyo uliyoitumia. Weka kijiko kimoja cha chai cha kijazo katikati, wala kisizidi, na upitishe kidole kilichoguswa maji kwenye ukingo wote wa mviringo. Inua upande wa kushoto uuelekeze katikati ufunike sehemu ya kijazo. Inua upande wa kulia, nao ulale juu ya ule wa kwanza huko juu kwenye ncha. Kisha inua upande wa chini: mwisho wake mmoja upite juu ya ubavu wa kulia, na mwisho wake wa pili uingizwe chini ya ubavu wa kushoto. Kwa njia hii kila ubavu umeulalia mmoja na kulaliwa na mwingine, na katikati hubaki kidirisha kidogo ambamo kijazo huonekana. Aliyezoea kukunja sambusa atashawishika kukiziba kidirisha hicho. Kiache, kwa kuwa mvuke wa kijazo unahitaji pa kutokea, na ukikosa hapo utatokea kwenye pembe. Malizia kwa kubana kila pembe kwa vidole viwili, kwa nguvu, mpaka usione mstari wa maungio.

Zikishakunjwa, zipange kwenye trei uzirudishe kwenye friza dakika 15, au friji dakika 40. Kama friza ya hosteli imejaa vyakula vya watu, roshani ya Leipzig katika siku za mwanzo wa Machi hufanya kazi hiyo hiyo, mradi uzifunike. Hii ndiyo hatua iliyochukua nafasi ya yai, na ndiyo ambayo watu huiruka kwa haraka ya sikukuu. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 180 kabla trei haijatoka kwenye baridi. Kama ina feni, ile alama ya Umluft, punguza hadi 160. Oka dakika 14 hadi 18. Ziangalie kwa chini, si kwa juu: biskuti isiyo na yai hubaki na rangi nyepesi kwa juu, na anayesubiri rangi ya dhahabu aliyoizoea hujikuta ameziunguza kwa chini na kuzikausha. Ukitaka mng'ao, zipake maziwa ya soya yaliyokorogwa na sukari kidogo kabla ya kuzitia ndani. Nachagua soya kwa sababu ina protini nyingi kuliko maziwa ya mlozi au ya mchele, na protini ikikutana na sukari kwenye moto ndiyo huleta rangi. Zikitoka zitakuwa laini kiasi cha kukutia hofu. Ziache kwenye trei dakika kumi, zitakaza.

Sasa jamu ya stroberi. Jamu nyingi za kupaka mkate zina maji mengi, na zikipata moto huchemka, hupanda na kusukuma kuta kutoka ndani, hata kama ulikunja vizuri. Kipimo changu ni rahisi: chota kijiko kimoja na ukigeuze juu chini. Kikianza kudondoka kabla hujahesabu hadi kumi, hakifai. Na hapa umbali wako na nyumbani umekuletea bahati, maana unaishi katika nchi ambayo jamu inayofaa kabisa iko kwenye rafu ya kila duka kwa bei ndogo. Inaitwa Pflaumenmus, plamu zilizopikwa kwa muda mrefu mpaka zikawa nyeusi na nzito, kwa kawaida pamoja na mdalasini. Wayahudi wa Ulaya mashariki waliita povidl, nayo ni mojawapo ya vijazo vya zamani vya biskuti hizi. Kuna hata familia iliyokuwa na Purim yake binafsi kwa sababu ya jamu hiyo: mwaka 1731, katika mji wa Bohemia uliokuwa ukiitwa Jungbunzlau, ambao leo ni Mladá Boleslav katika Jamhuri ya Cheki, mfanyabiashara David Brandeis alishtakiwa kuwa ameuza jamu ya plamu yenye sumu. Aliachiliwa siku chache kabla ya Purim, na ukoo wake ukawa unaadhimisha kuachiliwa huko kila mwaka.

Kijazo cha jadi kuliko vyote, hata hivyo, ni mbegu za popi, na kwa vegani kina sababu yake ya kupendeza. Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya wanazuoni wa Kiyahudi, risala ya Megila, ukurasa wa 13a, wanazuoni wanajadiliana Esta alikula nini katika jumba la mfalme, na Rabi Yohanan anasema alilishwa mbegu, kwa mfano wa Danieli na wenzake waliokula vyakula vya mimea huko Babeli. Ndiyo maana wengi hueleza mbegu za Purim kwa kisa hicho. Rafiki yako akikuuliza kwa nini biskuti zako hazina yai, jibu unalo, tena ni la zamani kuliko kipimo chochote cha jikoni.

Mbegu hizo ni ndogo sana, za rangi ya buluu inayokaribia kijivu, na ni lazima zisagwe. Zikipikwa nzima hubaki kama mchanga mdomoni na haziushiki unyevu. Maduka ya Ujerumani huuza zilizosagwa tayari, na zilizo nzima husagika kwa mashine ndogo ya kahawa, kidogo kidogo. Zile ambazo maduka ya viungo ya Kihindi huuza kwa jina la khaskhas ni nyeupe na ladha yake ni ya upole zaidi. Zinafaa kwa mchuzi kuliko hapa. Onja kabla ya kununua nyingi, kwa sababu mbegu za popi zina mafuta mengi na zikishasagwa huchacha upesi, na uchungu wa mafuta yaliyochacha hauondoki kwa sukari. Pakiti zenye mchanganyiko uliokwisha pikwa hukuokolea muda, lakini baadhi huwa na unga wa maziwa au yai, kwa hiyo soma.

Pika hivi: mbegu zilizosagwa gramu 120, maziwa ya shayiri au tui jepesi mililita 120, sukari gramu 50, suji kijiko kimoja cha chakula, zabibu kavu kiasi cha konzi moja zilizokatwakatwa, maganda ya limau yaliyokunwa, na chembe ya chumvi. Mapishi mengi ya zamani hutia asali. Ukikosa asali, utakosa uzito wake zaidi kuliko utamu wake, na suji ndiyo inayoleta uzito huo. Mimi huongeza hiliki tatu zilizopondwa, na sijaona aliyelalamika. Acha moto mdogo, koroga dakika tano hadi nane, mpaka mwiko ukipita chini ya sufuria uache njia inayoonekana kwa kitambo kabla haijajifunga. Kisha kiache kipoe kabisa. Kijazo cha moto kikiwekwa juu ya donge baridi hufuta kazi yote ya friji.

Tahadhari mbili kuhusu popi. Mbegu hizi hutoka katika mmea ule ule unaotoa afyuni, na ingawa haziwezi kumlevya mtu kwa kiasi cha biskuti, zinaweza kuonekana katika kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya. Jambo zito zaidi ni kwamba Falme za Kiarabu zimezipiga marufuku, ziwe zimesagwa au ziko ndani ya mkate. Wengi wetu tunaosafiri kati ya Ulaya na Nairobi hupitia Dubai au Abu Dhabi, na wengi wana ndugu huko. Usibebe, usitume.

Kwa mizigo ya huko tumia tende, na kusema kweli kwa mwanafunzi wa jiko la pamoja tende ndicho kijazo nisichokuwa na wasiwasi nacho hata kidogo. Toa kokwa gramu 200, zichemshe kwa maji robo kikombe na maji ya nusu chungwa mpaka zipondeke, tia hiliki, basi. Hazichemki kwa fujo na hazimwagiki. Tena si kijazo cha kubahatisha: Wayahudi wa Iraki wana biskuti zao za tende za Purim, za mviringo, pamoja na zile za mlozi na hiliki ziitwazo hadgi badah, na ladha hizo ziko karibu na pwani yetu kuliko popi itakavyowahi kuwa.

Nimalizie na rafiki yako anayeshika kosher, kwa kuwa hapa ndipo nia njema hukwama. Chakula cha vegani hakina nyama wala maziwa, lakini hilo halikifanyi kuwa kosher. Anaangalia pia trei iliyookewa nini jana, oveni hiyo huchomewa nini na wenzako, na viungo vyenyewe vimethibitishwa na nani, hasa vyenye zabibu au divai. Oveni ya hosteli inayotumiwa na kila mtu huenda asiikubali hata ukitumia trei mpya za karatasi ya alumini, na watu hutofautiana katika hili. Muulize mapema, kwa uwazi. Hataona vibaya, amezoea kuulizwa. Akikuambia hawezi, usimweke katika hali ya kupokea kitu ambacho atalazimika kukificha. Wajibu wa kupelekeana chakula siku ya Purim hutimia kwa aina mbili za chakula kilicho tayari kuliwa, kikipelekwa kwa mtu mmoja, mchana. Pakiti ya tende na pakiti ya lozi zenye alama anayoiamini zinatosha kabisa. Au mwombe mwoke pamoja jikoni kwake: wewe ulete kipimo na viungo, yeye alete vyombo.

Kwa marafiki wengine, andika kwenye mfuko kwamba kuna ngano, na soya au lozi kama umetumia. Biskuti hizi hukaa siku nne au tano ndani ya chombo kilichofungwa, ila usizifungie zikiwa na joto. Kama unatuma kwa posta, za Pflaumenmus na za tende huvumilia safari kuliko za popi. Zilizokunjwa zikiwa mbichi hukaa friza mwezi mmoja na huokwa zikiwa bado zimeganda, kwa dakika mbili au tatu zaidi, kwa hiyo unaweza kumaliza kazi yote wiki mbili kabla na kuoka siku yenyewe. Mwaka 2027 Purim inaanza jioni ya tarehe 22 Machi na kuendelea tarehe 23, kwa sababu katika kalenda ya Kiyahudi ni mwaka wenye Adari, mwezi wa Purim, mara mbili. Zitakazobaki kwenye friza zioke mapema, maana Pasaka ya Kiyahudi inaingia jioni ya tarehe 21 Aprili, na kwa sheria ya sikukuu hiyo, kufikia siku hiyo unga huo wote unatakiwa uwe umeshatoka nyumbani.